Sarafu za Kale Katika Mashamba ya Meru na Embu

Kila mwaka mvua zikaribiapo, mkulima wa Imenti, wa Mwimbi au wa Chuka, na mwenzake wa Runyenjes au wa Siakago, huingia shambani na jembe lake kugeuza udongo. Mara nyingi jembe hugonga jiwe, naye hulitupa mpakani asilitazame tena. Lakini iko siku ambayo ncha ya jembe hutoa sauti nyingine, nyembamba kuliko ile ya jiwe, na katika bonge la udongo hutokea kitu cha mviringo, cheusi au chenye kutu ya kijani. Mkulima hukipangusa kwa kidole gumba, akaona tundu katikati, na kando ya tundu pembe mbili za ndovu zilizopinda. Amepata sarafu ya zamani za babu yake.

Jambo kubwa ni lile atakalolifanya katika nusu saa inayofuata. Wengi huisugua kwa mchanga au jivu mpaka ing'ae, wakaitia mfukoni, wakaenda nayo sokoni kuuliza bei. Kufika jioni sarafu imekwisha kupita katika mikono ya watu watatu, na hapana ajuaye tena ilitoka shamba gani, wala ililala na nini. Hasara hiyo haionekani kwa macho, tena haiwezi kulipwa, kwa kuwa sarafu ya kale ni shahidi, na ushahidi wake umo mahali ilipolala.

FEDHA ILIVYOFIKA MILIMANI

Wazee wa Meru na Embu wa zamani hawakuhesabu utajiri wao kwa sarafu. Walihesabu ng'ombe, mbuzi na mizinga ya nyuki. Hata misafara ya Waswahili kutoka pwani, iliyokuja kutafuta pembe za ndovu karibu na milima ya Nyambene katika miaka ya 1890, haikununua chakula kwa fedha. Ililipa kwa shanga, kwa nyaya za shaba na za chuma, na kwa nguo za amerikani. Msafiri wa Kimarekani, William Astor Chanler, aliyepiga kambi huko mwaka 1893, alifanya vivyo hivyo. Kwa hiyo, sarafu iliyofika nchi hii kabla ya mwaka 1900 ni kitu adimu sana, nayo ikionekana yastahili kuulizwa imetoka wapi na imeletwa na nani.

Fedha ya sarafu ilienea pamoja na utawala na kodi. Kodi ya nyumba iliwekwa kwa sheria katika Protektoreti ya Afrika ya Mashariki mwaka 1901. Kituo cha Serikali kilianzishwa Embu mwaka 1906, na kile cha Meru mwaka 1908, chini ya Bwana E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi. Kodi ilitakiwa kwa rupia. Mtu asiyekuwa na rupia hakuweza kuichuma mtini wala kuichimba ardhini. Ilimpasa auze mbuzi wake, au aende mbali na kwao kufanya kazi ya mshahara. Basi mkulima wa leo aokotapo rupia moja katika mtaro wa kahawa, ameokota siku nyingi za jasho la mtu.

KUZITAMBUA SARAFU

Sarafu ziwezazo kuonekana katika mashamba ya Meru na Embu si za namna moja, na yafaa kila mtu ajue kuzipambanua.

Ya kwanza ni rupia ya India, ambayo ndiyo iliyotumika nchini mpaka mwaka 1920. Ina uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, sehemu 917 ni madini ya fedha safi. Juu yake pana kichwa cha Malkia Victoria, au cha Mfalme Edward VII, au cha Mfalme George V. Pamoja nayo zilikuwapo senti za Protektoreti za Afrika ya Mashariki na Uganda, na miongoni mwake ni senti moja za aluminiamu za mwaka 1907 na 1908, nyepesi kama jani kavu.

Mwaka 1920 rupia iliondolewa, ikawekwa florini, nayo florini haikudumu. Upesi shilingi ilishika mahali pake. Shilingi ya Bodi ya Fedha ya Afrika ya Mashariki ina simba aliyesimama mbele ya milima. Zile zenye tarehe za tangu 1921 mpaka 1946 ni robo moja tu ya madini ya fedha safi. Kwa kuwa shilingi nzima haifiki gramu 8, fedha iliyomo ndani yake haifiki gramu 2. Zile za tangu 1948 hazina fedha hata chembe. Yafaa hesabu hiyo iwekwe moyoni, maana wako wachuuzi wanaozunguka masokoni wakisema kwamba shilingi moja ya simba yaweza kumnunulia mtu gari.

Kisha kuna zile za shaba zenye tundu, ambazo wazee waliziita peni kwa senti kumi, na ndururu kwa senti tano. Miongoni mwake zimo za mwaka 1936 zenye jina la Mfalme Edward VIII, aliyetawala kwa miezi michache tu na kukiacha kiti kabla ya kutawazwa rasmi. Katika nchi nyingi za dola yake, sarafu zenye kichwa chake hazikupata kutumiwa na watu. Lakini senti za Afrika ya Mashariki, kwa sababu ya tundu lake, hazikuwa na nafasi ya kichwa cha mfalme; jina tu liliandikwa kuzunguka tundu, nazo zikatoka kiwandani kwa mamilioni. Ni habari ya kupendeza kuwasimulia watoto, lakini kwa kuwa ni nyingi, bei yake si kubwa.

Mwaka 1964, baada ya nchi za Afrika ya Mashariki kupata uhuru, zilipigwa senti tano na senti kumi zisizo na jina la mfalme wala la malkia. Mwaka 1966 Kenya ikatoa sarafu zake yenyewe, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta.

Imebaki moja ya kuangaliwa kwa makini, nayo ni reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Tarehe yake ni 1780, naye malkia alifariki mwaka huohuo. Hata hivyo sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile kwa muda wa miaka mingi mno, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Arabuni na pwani waliiamini. Kwa hiyo anayeiona tarehe 1780 asidhani kwamba ameshika kitu cha mwaka 1780. Tarehe iliyoandikwa juu ya sarafu husema mambo machache. Udongo uliokuwa juu yake na chini yake husema mengi zaidi.

JINSI ZILIVYOINGIA ARDHINI

Nyingine zilianguka tu. Mtu alifunga senti zake katika pindo la nguo, fundo likalegea njiani au sokoni. Ndiyo maana mahali palipokuwa soko la zamani, au njia kuu ya miguu, huonekana sarafu moja moja zilizotapakaa.

Nyingine zilizikwa kwa makusudi. Wakati ambapo benki ilikuwa mbali, tena si ya watu wa kawaida, mzee alitia rupia au shilingi zake katika kibuyu, chungu au mkebe, akachimba shimo karibu na meko au chini ya ghala, akafukia. Siri hiyo pengine hakumwambia hata mwanawe wa kwanza. Akifa ghafla, siri ilikwenda naye. Tena aliyezifukia rupia zake na kuchelewa kuzitoa wakati zilipobadilishwa, alibaki na madini tu. Duka halikuzipokea tena.

Kisha yakaja mambo mawili yaliyotenganisha watu na mahali pao. La kwanza ni vijiji vya wakati wa Hali ya Hatari. Tangu mwaka 1954 maelfu ya watu wa Embu na Meru waliondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika, wakakusanywa katika vijiji vilivyolindwa. Nyumba za zamani ziliachwa, nyingine zikachomwa, na meko yakaota majani. La pili ni kuunganishwa kwa mashamba, kulikoanza huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Vipande vidogo vya kila ukoo vilikusanywa, mipaka mipya ikapimwa, na hati zikatolewa. Kazi hiyo iliwapa wakulima nafasi ya kupanda kahawa na chai kwa utaratibu, lakini ilifanya pia kwamba meko ya babu wa mtu mmoja yawe leo katikati ya shamba la mtu mwingine. Mkebe uliofukiwa chini ya meko hayo haukuhama pamoja na mwenyewe.

MASHINE INAYOLIA

Katika miaka ya karibuni zimeonekana mashine za kutambua madini ardhini. Mashine hiyo ni fimbo ndefu yenye duara mwishoni mwake. Ndani ya duara mna nyaya zilizozungushwa, na umeme wa betri upitapo ndani yake hutoa nguvu ya sumaku inayoshuka udongoni. Ikikutana na kitu cha madini, kitu hicho nacho huamsha umeme kidogo na kurudisha nguvu yake, na mashine hulia katika sikio la mwenye kuishika.

Mashine haina akili. Sauti ya rupia na sauti ya kizibo cha soda huweza kufanana. Sarafu moja ndogo haitambuliki ikiwa chini sana. Shubiri moja au zaidi kidogo ndiyo kadiri yake. Tena udongo mwekundu wa mteremko wa Mlima Kenya, ambao asili yake ni mawe ya volkano na wenye chuma kingi, huisumbua mashine ikalia pasipo na kitu. Mtu aliyeuza ng'ombe anunue mashine kwa tamaa ya hazina, yaelekea atapata misumari, vipande vya waya na ndururu chache, naye ng'ombe amekwisha kwenda.

Liko pia jambo la hatari. Si kila chuma kilichomo ardhini ni cha heri. Katika vita vya miaka ya 1950 ndege zilidondosha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Aberdare. Na huko kaskazini, karibu na Archers Post na Dol Dol, mabaki ya silaha za mazoezi ya majeshi yaliua na kulemaza wafugaji na watoto. Mwaka 2002 Serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia watu zaidi ya 200. Mashine ikilia kandokando ya msitu, na kinachotokea ni kitu kizito chenye umbo la chupa au la yai kubwa, haifai kukigusa wala kukigonga. Mtu na aondoke, awazuie watoto, na apeleke habari kwa chifu au kituo cha polisi.

KWA NINI MAHALI NI KITU KIKUBWA

Huenda msomaji akauliza: ikiwa sarafu ni ileile, yadhuru nini ikiondolewa mahali pake? Mifano mitatu yatosha.

Mwaka 2013 wataalamu wakiongozwa na Dakta Chapurukha Kusimba na Dakta Sloan Williams walitangaza kwamba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, wamepata sarafu ndogo ya Kichina yenye tundu la mraba. Ina jina la Mfalme Yongle, aliyetawala Uchina tangu 1402 mpaka 1424. Sarafu kama hiyo yaweza kununuliwa Uchina kwa bei ndogo, maana ni nyingi. Lakini ilipochimbuliwa Manda kwa utaratibu, kila tabaka la udongo likiandikwa, ikawa ushuhuda wa safari na biashara ya watu wa pwani yetu na nchi za mbali.

Vivyo hivyo sarafu moja ya shaba ya Kilwa, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, ilionekana katika magofu ya Great Zimbabwe, mbali sana na bahari. Kilwa kwenyewe sarafu za namna hiyo ni nyingi. Ile moja ni mashuhuri kwa sababu ya mahali ilipoonekana. Kama siku moja sarafu ya namna hiyo itatokea Igembe au Mbeere, itakuwa habari kubwa kwa nchi nzima. Lakini itakuwa hivyo ikiwa tu mwenye kuiona aliweka alama mahali ilipokuwa.

Mfano wa tatu watoka Uingereza. Mwezi wa Novemba 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima mmoja alipoteza nyundo yake shambani, akamwomba rafiki yake mwenye mashine ya kutambua madini amsaidie kuitafuta. Mashine ikalia, na badala ya nyundo zikatoka sarafu za Kirumi. Yule rafiki alitoa sehemu, kisha akajizuia; akaacha kuchimba, na habari zikapelekwa kwa wenye mamlaka. Wataalamu walikuja wakachimba kwa uangalifu, wakakuta sarafu zaidi ya 14,000, pamoja na vijiko na mapambo ya dhahabu, vyote vikiwa bado vimepangwa kama vilivyowekwa ndani ya sanduku miaka 1,600 iliyopita. Kwa sheria ya nchi ile alilipwa zawadi ya pauni 1,750,000, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilionekana, na leo imewekwa katika makumbusho ya London. Kama angeendelea kuchimba kwa pupa, sarafu zingepatikana, lakini lile sanduku na mpango wake vingepotea milele.

SHERIA YA KENYA

Sheria ya Kenya si sawa na ile ya Uingereza, na haifai mtu kudhani kwamba atapewa zawadi kama hiyo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yasema kwamba vitu vya kale ni vile vilivyotengenezwa Kenya, au kuletwa Kenya, kabla ya mwaka 1895. Vitu vya namna hiyo vilivyomo ardhini ni mali ya Serikali, hata kama shamba lina hati ya mtu. Hairuhusiwi kutafuta vitu vya kale kwa kuchimba bila leseni, wala kuvipeleka nchi za nje bila kibali. Na mtu akivumbua kitu cha kale, hata kwa bahati, ampasa kupeleka habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi kilivyoonekana.

Peni ya 1936 au shilingi ya simba haiingii katika hesabu hiyo ya 1895. Hata hivyo njia ya busara ni ileile kwa sarafu zote, kwa kuwa mwenye kuiokota mara nyingi hawezi kujua ni ipi mpaka aonyeshwe.

Kwanza, asimamishe jembe. Pili, aweke kijiti mahali penyewe, apime kina kwa shubiri, na kama ana simu apige picha kabla ya kuondoa kitu. Tatu, atazame kama kuna vigae vya chungu, mkaa, shanga au mawe ya meko, wala asivitawanye. Nne, asiisugue sarafu kwa mchanga, jivu wala ndimu. Aitie katika karatasi kavu, aandike juu yake tarehe, shamba na jina la kijiji. Tano, apeleke habari. Watu wa Meru hawana safari ndefu: makumbusho yako mjini Meru, katika jengo la mawe lililokuwa ofisi ya D.C. zamani, nayo yalifunguliwa mwaka 1974. Watu wa Embu waweza kwenda huko, au kupitisha habari kwa chifu wao. Na mahali patakatifu pa wazee, kama vile pa Njuri Ncheke huko Nchiru, au penye makaburi, hapaguswi kwa jembe wala kwa mashine.

MKEBE WA NANI?

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko yote. Tuseme kijana apata mkebe wa shilingi za 1925 katika shamba alilorithi kwa baba yake. Sheria ya vitu vya kale haiutaji mkebe huo. Lakini jirani, mzee wa miaka 80, asema kwamba kabla ya mashamba kuunganishwa, pale palikuwa nyumba ya baba yake, na mti uliokatwa ulikuwa alama yake. Fedha iliyomo haifiki bei ya mbuzi wawili. Ugomvi uwezao kuzaliwa hapo waweza kula mashamba yote mawili kwa gharama za kesi.

Hapo ndipo ule ushahidi wa mahali unapowafaa walio hai. Ikiwa kijana aliacha mawe ya meko kama yalivyokuwa, akawaita wazee na jirani wakatazama pamoja, mzee ataweza kuonyesha mlango ulikuwa wapi na ghala lilikuwa wapi. Wazee wa kiama wataamua wakiwa wameona, nao mkebe utagawanywa au kurudishwa bila chuki. Na ikiwa aliung'oa usiku, akaufagia udongo, akauza sarafu moja moja, hapana atakayemwamini hata kama haki ni yake.

Mwenye kuzifukia shilingi zile alizifanyia kazi, akalipa kodi yake, na zilizobaki akazificha kwa ajili ya wanawe. Hakuacha barua, maana hakujua kuandika. Meko yake, kigae cha chungu chake, na kina cha shimo alilolichimba kwa mkono wake, hayo ndiyo maandishi yake, na yasomwa mara moja tu. Jembe likisikika likilia shambani mwaka huu, mwenye jembe na alisimamishe, akaite watu, ndipo afukue.